Jabir bin Hayyan, bwana wa zebaki na kiberiti

Jina la Jabir bin Hayyan halikosekani katika historia ya kemia, ingawa wataalamu hawajaafikiana iwapo vitabu vyenye jina hilo ni vyake.

Mapokeo yanasema alizaliwa katika karne ya 8. Baba yake, Hayyan, alikuwa muuza dawa wa Kufa, Iraq, wa kabila la Azd, ambalo Waomani wengi hujinasibisha nalo. Alijiunga na harakati za siri za Bani Abbas dhidi ya Bani Umayya, akakamatwa Khurasan na kuuawa. Mtoto akapelekwa Bara Arabu kwa jamaa zake. Kumbukumbu humwita mara al-Kufi, mara al-Tusi. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaielewa hali hiyo.

Inasimuliwa kwamba alisoma kwa Imam Jaafar as-Sadiq wa Madina, aliyefariki mwaka 765, kisha akahudumu Baghdad zama za Harun ar-Rashid chini ya himaya ya mawaziri wa ukoo wa Barmaki. Ukoo huo ulipoangushwa mwaka 803, alirejea Kufa na kujificha.

Vitabu vyake vinavipanga vitu kwa tabia zake motoni. Vinavyopaa, kama vile zebaki, kiberiti na kafuri, vinaitwa roho. Metali zinazofulika kwa nyundo, kama dhahabu, fedha na risasi, ni miili. Kundi la tatu ni mawe yasagikayo. Mswahili anayeishi Al-Nuzha, iwe ya Riyadh au ya Jeddah, hahitaji mkalimani kwa majina hayo, kwani ni yale yale aliyokua nayo. Na hilo neno roho si mzaha: wachimbaji wadogo wa Geita huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa na kuingia mapafuni mwa aliye karibu.

Kosa lake kubwa lilikuwa kuamini kwamba kila metali imeumbwa kwa zebaki na kiberiti, hivyo risasi ingeweza kurekebishwa ikawa dhahabu. Leo tunajua kuwa dhahabu ni elementi, haina viungo vya kutenganishwa kwa moto wala tindikali. Zebaki ni elementi ya 80 katika jedwali, kiberiti ya 16. Vikiungana, atomu moja kwa moja, hutoa kampaundi inayoweza kuwa nyekundu, isiyofanana na kimojawapo.

Hata hivyo, nadharia yake ya mizani ilidai kwamba tabia za vitu zinafuata hesabu. Hesabu zenyewe zilikuwa za kubuni, lakini kiu ilikuwa ya kweli. Mendeleev wa Urusi aliikata kwa kiasi kikubwa mwaka 1869, alipozipanga elementi kwa uzito wa atomu zake.

Je, Jabir aliishi? Tayari mwaka 987 Ibn al-Nadim wa Baghdad aliwajibu waliokana, akishikilia kuwa hakuna anayejichosha kuandika vitabu vyote hivyo kisha ampe mwingine sifa. Paul Kraus, Myahudi wa Prague aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, alihesabu anwani zipatazo 3,000 na kuamua kwamba ziliandikwa na watu wengi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 9. Alichapisha utafiti huo Cairo mwaka 1942 na 1943. Alifariki huko huko mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 39.