Tom Mboya na Swali Lililo Nyuma ya Kila Kura

Sikukuu ya Jamhuri haipiti bila kuwataja waliotangulia. Safari hii tunawasimulia, hasa ninyi watoto mliozaliwa huku Marekani, maisha ya Thomas Joseph Mboya. Wakenya wengi wa kwanza kuja kusoma nchi hii walipitia mikononi mwake. Lakini tunamkumbuka pia kwa sababu maisha yake yote alipambana na swali linalojificha nyuma ya kila uchaguzi wa kwetu: mtu akisimama mbele ya sanduku la kura, anapiga kura kama nani? Kama mtu wa kabila lake, au kama raia?

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mzungu ambako baba yake alikuwa nyapara. Wazazi walitoka kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini mtoto alikua kati ya vibarua wa makabila mengi, akazijua lugha zao. Karo ilipokuwa nzito aliacha shule ya Mang'u, akasomea kazi ya bwana afya na kuajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Huko aliona wazungu wakifanya kazi ile ile kwa mshahara mkubwa zaidi. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na kufikia mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, alisaidia kuwapatia nyongeza ya mshahara.

Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, viti 8 tu. Sheria ya wakoloni ilikuwa na falsafa yake: kura ni zawadi ya kustahili. Mwenye elimu, mali au cheo aliweza kupata kura zaidi ya moja. Mkikuyu alihitaji hati ya kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali. Mboya alishinda kiti cha Nairobi, kisha yeye na wenzake wakaipinga sheria hiyo hiyo iliyowaingiza barazani. Wao waliamini kura ni haki ya kila mtu mzima, tajiri au maskini.

Mwaka 1959 aliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, kwa msaada wa marafiki wa huku. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikachangia, na kati ya waliokuja alikuwemo Wangari Maathai.

Februari 1961 alipambana Nairobi Mashariki na Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, mbele ya wapiga kura ambao wengi walikuwa Wakikuyu. Kwa hesabu ya kabila, Mjaluo huyu angeanguka. Alimshinda mpinzani wake kwa zaidi ya mara kumi ya kura zake.

Hata hivyo, si wote walioiona Kenya kwa macho yake. Chama chake, KANU, kilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU ya akina Ronald Ngala ilidai majimbo, kwa kuwa jamii ndogo ziliogopa kumezwa na kupoteza ardhi. Mboya aliyaona majimbo kuwa ukabila uliovishwa nguo ya katiba. KADU ilivunjwa mwishoni mwa 1964, na Desemba 12 mwaka huo Kenya ikawa Jamhuri. Chama kilikufa, hofu iliyokizaa haikufa.

Mwaka 1966 ukazuka mgongano mwingine. Jaramogi Oginga Odinga alijitoa serikalini na kuongoza KPU. Upande wake ulisema walionyang'anywa ardhi na wazungu warudishiwe bila kulipa. Mboya, waziri wa mipango, alitetea njia ya kununua ardhi na kukuza uchumi kwanza. Wote wawili walikuwa Wajaluo, na ubishi ulihusu haki na mali. Lakini KPU ilipopata viti vyake vingi Nyanza, watu wengi waliuona ugomvi huo kuwa wa kabila.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu, na swali la nani alimtuma halijapata jibu la kuwaridhisha Wakenya. Msiba ukageuka hasira, na mtu aliyechaguliwa na makabila yote akawa, kwa kifo chake, chanzo cha ufa kati ya makabila mawili.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na hapo hofu ya akina Ngala ikapata sehemu ya jibu. Swali la Mboya bado linangoja. Basi watoto wetu, mkiwasikia wazee wakibishana sebuleni kuhusu uchaguzi wa nyumbani, msisikilize majina ya wagombea peke yake. Waulizeni: wakisema sisi, wanamaanisha akina nani? Mboya alipata jibu lake kati ya vibarua wa mkonge, na watu wa Nairobi wakamwamini.