MAISHA YA YAAKUB BIN IS-HAKA AL-KINDI, MFUNGUZI WA NYARAKA ZA SIRI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichwa na yaliyo dhahiri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu wa Mikindani, Mtwara, Msimbati, na wa huku na huku za mlango wa Ruvuma, safari hii tumemchagua mwanachuoni ambaye wengi wamelisikia jina lake kwa falsafa, walakini wachache wajua ya kuwa yeye ndiye mwenye chuo cha kale kabisa kilichobakia duniani chenye kueleza namna ya kufungua waraka ulioandikwa kwa siri. Na sababu ya kumchagua ni kuwa leo kila mmoja wetu abeba siri mfukoni mwake. Mvuvi apokea thamani ya pweza wake kwa simu, mkulima wa korosho apokea fedha zake benki, na baina ya mali yake na mwizi hapana kufuli la chuma wala mlinzi mwenye rungu, ipo namba ya siri tu.

Basi huyu ni Abu Yusuf Yaakub bin Is-haka, wa kabila la Kinda, kabila la Waarabu lililokuwa na wafalme kabla ya Uislamu. Katika babu zake yumo Al-Ash-ath bin Qays, naye alikuwa sahaba. Baba yake alikuwa liwali wa Kufa katika zama za Al-Mahdi na Harun Rashid, na huko Kufa ndiko alikozaliwa Yaakub, kiasi cha mwaka 185 wa Hijra, yaani mwaka 801 wa Miladia. Alisoma Basra na Baghdad, akaingia katika baraza la Khalifa Al-Maamun, wakati ambapo vyuo vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikuwa vikitafutwa kila upande ili vifasiriwe kwa Kiarabu. Kazi yake ilikuwa zaidi kuwaongoza wafasiri na kuisahihisha lugha yao kuliko kufasiri mwenyewe. Al-Maamun alipokufa mwaka 218 (833), nduguye Al-Mu-tasim akamzidishia heshima, akamkabidhi mwanawe Ahmad amfundishe.

Vyuo vyake ni vingi mno. Walioviorodhesha wamehesabu zaidi ya 240, na vilivyo vingi vimepotea. Aliandika juu ya hesabu za Kihindi, dawa, muziki, nyota na nuru. Kwa amri ya Al-Mu-tasim aliandika chuo cha panga: chuma chake na namna za kuupambanua upanga mwema na mbaya. Kisha mkono ule ule ukaandika chuo cha uturi, chenye mapishi zaidi ya mia ya manukato. Aliandika pia juu ya kujaa na kupwa kwa bahari, akasema mwezi huyatia maji joto yakafura. Hapo hakupata. Wavuvi wetu wajua ya kuwa bamvua huja kwa mwezi mwandamo na kwa mwezi mpevu, na sababu yake ni mvuto wa mwezi na jua, wala si joto. Tumelitaja kosa hili ili msomaji asidhani ya kuwa twamsifu mtu kupita mpaka.

Ama ilimu ya muamma, yaani maneno yaliyofumbwa, Al-Kindi hakuwa wa kwanza kuishughulikia. Alitanguliwa na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, ambaye ndiye aliyeweka ilimu ya arudhi. Imepokewa ya kuwa Al-Khalil aliletewa waraka wa siri kwa lugha ya Kiyunani, naye akaufungua kwa kukisia ya kuwa mwandishi lazima ameanza kwa jina la Mungu. Akazipata herufi hizo za mwanzo, na kwa hizo akazitoa zilizosalia. Chuo cha Al-Khalil hakikubaki. Cha Al-Kindi kimebaki, nacho ndicho kilichoweka njia iliyo wazi ambayo hata asiyekuwa na bahati ya kukisia aweza kuifuata.

Njia yenyewe ni hii. Kila lugha ina herufi zinazokuja mara nyingi na herufi zinazokuja mara chache. Al-Kindi alitwaa maandishi ya Kiarabu yenye herufi 3,667 akazihesabu moja moja, akakuta alifu 600, lamu 437, na nyingine chini ya hapo. Basi ukiletewa waraka ambao mwenyewe amebadili kila herufi kwa alama, zihesabu alama zake. Iliyozidi zote yaelekea kuwa ndiyo alifu, ya pili yake ndiyo lamu, ukaendelea hivyo, ukizitazama na herufi zipendazo kufuatana na zisizokutana kamwe. Sharti waraka uwe mrefu, kwani mistari miwili mitatu haitoshi kuipa hesabu nguvu.

Jaribu kwa Kiswahili chetu kinachoandikwa kwa herufi za Kizungu, utaona ajabu. Herufi iliyo nyingi ni a, na karibu kila neno lamalizika kwa mojawapo ya a, e, i, o, u. Kwa hiyo mfanya biashara akibadili herufi na kuacha nafasi baina ya maneno, adui atazame mwisho wa kila neno tu, atakuwa amekwisha kupata irabu zote. Lugha yetu ni tamu kwa masikio, walakini yajisengenya yenyewe.

Hapa pana jambo linalotaka kufikiriwa sana. Ilimu hii iliwafaa makatibu wa diwani, ambao ilikuwa lazima wajue udhaifu wa siri zao kabla adui hajaujua, ikawafaa majemadari, ikawafaa na wanavyuoni waliokuta vyuo vya kale vimeandikwa kwa mafumbo. Lakini mwenye kuweza kufungua waraka wa adui aweza kufungua wa jirani yake. Mola wetu ametukataza kupelelezana, katika Suratul Hujurat aya ya 12, na sheria ya Tanzania ya makosa ya mitandao ya mwaka 2015 nayo yamwadhibu aingiaye katika kompyuta ya mwenziwe bila ruhusa. Na sisi wa mpakani twayajua haya kwa uchungu. Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, vikavuka mto vikafika Kitaya Oktoba 2020. Katika siku kama zile dola hutaka kujua nani amempelekea nani habari, wala hatuwezi kusema haina haja. Na mtu mwema mwenye jamaa Palma naye hutaka maneno yake na mama yake yabaki yao wawili. Ujuzi unaotumika ni mmoja. Kwa rai yetu mwenye ujuzi huo hapungukiwi na lawama kwa kusema ya kuwa aliamrishwa tu.

Al-Kindi mwenyewe alionja mkono wa dola. Mwaka 232 (847) ulitawala ukhalifa wa Al-Mutawakkil, na huko barazani walikuwako wana wa Musa, Muhammad na Ahmad, mafundi wakubwa wa hesabu, walakini wenye husuda. Wakamfitini kwa Khalifa hata akapigwa, wakamnyang'anya vyuo vyake vyote wakaviweka mahali mbali. Pia walimtenga Sanad bin Ali, mhandisi, asimkaribie Khalifa. Kisha wakapewa kazi ya kuchimba mfereji wa Al-Jaafari, nao wakamtia Al-Farghani, ambaye alikosea: mdomo wa mfereji akaufanya wa chini kuliko sehemu zilizofuata, ikawa maji hayapiti ila mto ujaapo. Khalifa akaghadhibika, akamwita Sanad aupime, na wale ndugu wawili wakajua ya kuwa roho zao zi katika ulimi wa mtu waliyemdhulumu. Wakamwendea. Sanad hakuomba fedha wala cheo. Aliwaambia hatawasaidia mpaka vyuo vya Al-Kindi virudishwe kwa mwenyewe. Wakavirudisha vyote, wakaleta na khati yake ya kuvipokea. Ndipo Sanad akamwambia Khalifa ya kuwa kosa halitaonekana kwa miezi minne, maana Hidekeli ilikuwa imejaa. Kabla miezi haijatimia Al-Mutawakkil akauawa, mwaka 247 (861), wote wakaokoka.

Baada ya hapo habari za Al-Kindi ni chache. Alifariki Baghdad kiasi cha mwaka 873 wa Miladia. Mungu amrehemu.

Ilimu yake ikachukuliwa na waliofuata: Ali bin Adlan, aliyefariki mwaka 1268, kisha Ibn ad-Durayhim, na Al-Qalqashandi wa Misri akayatia katika chuo chake kikubwa cha ukatibu. Wazungu nao wakajua kuhesabu herufi, na neno lao la maandishi ya siri wamelitoa katika sifuri ya Kiarabu. Siri za simu zetu leo hazifunguki kwa kuhesabu herufi, kwani zimefungwa kwa hesabu nzito mno. Kwa hiyo mwizi haendei hesabu, amwendea mwenye simu. Ampigia akijidai mtu wa kampuni, akamwomba namba. Hila hii si ngeni pwani ya kusini. Mwaka 1908 ulienea Lindi na miji mingine waraka uliodaiwa kuwa umetoka Makka, ukawatia watu hofu na serikali ya Wadachi wasiwasi, na walioupokea waliunakili na kuupeleka mbele bila kuuliza ni nani aliyeuandika.

Chuo cha Al-Kindi cha muamma kilikaa karne nyingi hakijulikani, mpaka kikaonekana katika maktaba ya Suleymaniye mjini Istanbul, kimefungwa pamoja na risala nyingine, nacho kikapigwa chapa Dameshki mwaka 1987.