Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Sisi watu wa Buha tunaujua ugeni. Zamani baba zetu waliondoka Kasulu na Kibondo, wakaenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine hawakurudi upesi. Siku hizi vijana wetu huondoka kwa ajili ya masomo. Mzazi hufurahi siku ya kuagana, lakini usiku hujiuliza: Je, mtoto wangu ataziwezaje siku zile za kwanza, asipojua mtu wala njia? Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza maisha ya Julius Kambarage Nyerere, hasa habari za masomo yake ya ugenini, maana wengi wanamjua kama mtawala, lakini ni wachache wanaomfikiri kama mwanafunzi mgeni.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama watoto wengine. Hata alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwaka 1934, akapelekwa shule ya Mwisenge kule Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka kwao. Safari hiyo yaonekana fupi kwetu leo, lakini kwa mtoto yule ilikuwa safari ya kwenda nchi nyingine, kwa kuwa nyumbani alisema Kizanaki, na kule ilimpasa kujifunza Kiswahili ndipo apate kufundishwa mambo mengine. Huo ndio ugeni wake wa kwanza.

Ugeni wa pili ulikuwa Tabora, mwaka 1937. Shule ile ya serikali ilikusanya vijana wa makabila mengi, na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1942 baba yake akafa. Mwaka uliofuata kijana akaenda Makerere, katika Uganda, kujifunza ualimu. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1943 akabatizwa katika Kanisa Katoliki, akapewa jina la Julius. Alipomaliza mwaka 1945 alirudi Tabora, akafundisha katika shule ya St. Mary's historia na elimu ya viumbe. Basi sasa alikuwa mtu mwenye kazi, mwenye mshahara na heshima. Wanafunzi walisimama alipoingia darasani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo twataka msomaji alitazame sana. Mwaka 1949 alipata nafasi ya kwenda Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo cha tangu karne ya kumi na sita. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mtu aliyekwisha kuitwa mwalimu alitakiwa kurudi kuketi kitini pamoja na vijana, wengi wao wadogo kwake, kusahihishwa makosa kama mtoto. Tena nyumbani aliacha mama mjane, na Maria Gabriel aliyekuwa mchumba wake. Mtu aendaye masomoni huuacha mshahara wake, wala wale waliokuwa wakimtegemea hawaachi kula. Mzigo huo hauonekani katika sanduku la msafiri, lakini ndio ulio mzito kuliko yote.

Na tufikiri hali ya nchi aliyoifikia. Vita kuu vilikuwa vimekwisha miaka minne tu, na Uingereza ilikuwa bado katika shida. Nyama, sukari, siagi na chai viligawiwa kwa kipimo, kila mtu na kitabu chake cha mgao. Mgeni aliyedhani kwamba Ulaya ni shibe tupu alishangaa kuona kipande kidogo cha nyama kikihesabiwa. Hata fedha ilimpasa mtu kujifunza upya: kwetu shilingi moja ilikuwa senti 100, lakini kule shilingi yenye jina lile lile ilikuwa peni 12. Nyumba za mji ni za mawe, nazo zilikuwa zimefanywa nyeusi na moshi wa makaa. Katika mwezi wa Desemba jua la Edinburgh huchomoza baada ya saa mbili na nusu ya asubuhi, na kabla ya saa kumi limekwisha kutua; nalo mwezi wa Juni hukawia mpaka karibu na saa nne ya usiku. Aliyezaliwa nchi ambayo mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima hupotewa hata na saa ya kulala. Kiingereza nacho, ambacho mtu amekisoma miaka mingi, Waskoti hukitamka kwa namna yao, hata mgeni ahitaji kusikiliza mara mbili. Katika dini vilevile alikuwa mgeni, maana Wakristo wengi wa Uskoti ni wa Kanisa la Presbiteri.

Masomo yalianza mwezi wa Oktoba. Mtu angaliweza kudhani kwamba atashika elimu ya viumbe aliyokuwa akiifundisha, kwa kuwa ni rahisi kuendelea katika njia uliyoizoea. Lakini yeye alichagua masomo mapana ya shahada ya M.A., yenye kumpa nafasi ya kusoma na kufikiri. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, habari za desturi za mataifa, historia, sheria za katiba na falsafa ya maadili. Akakubali kuanza tena mwanzo. Twaona kwamba hilo halikuwa jambo geni kwake: alikwisha kuanza mwanzo Mwisenge, na Tabora, na Makerere. Aliyezoea kuwa mwanafunzi haoni aibu kuuliza.

Wala hakusahau kwao. Kule Edinburgh aliandika juu ya shida ya ubaguzi wa rangi katika Afrika ya Mashariki, akaitazama nchi yake kwa mbali, kama mtu apandaye mlimani apate kuliona shamba lake lote. Mwaka 1952 akapata shahada, akarudi. Januari 1953 akamwoa Maria, akafundisha Pugu. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa kiongozi wake, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Katika kazi nyingi za utawala hakuiacha fasihi aliyoisoma: aliifasiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, nao wa kwanza ulitoka mwaka 1963.

Sisi wa nchi hii tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993, maelfu wakavuka mpaka, na makambi ya Kibondo na Kasulu yakajaa. Tangu 1996 Mwalimu, aliyekuwa amekwisha kuacha urais mwaka 1985, alikuwa mpatanishi wa Warundi, wala hakuiacha kazi hiyo mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Akazikwa Butiama. Nduta yenyewe ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa wakimbizi wengine. Na watoto waliofika pale walianza masomo ugenini pasipo kuchagua safari.

Basi, ninyi wazazi, na ninyi walimu wa dini, mwenye mtoto masomoni amwandikie katika majuma ya kwanza, maana ndiyo yenye upweke. Msimwulize kwanza amekuwa wa ngapi darasani. Mwulizeni kama amepata blanketi na rafiki. Na mtoto wa mgeni akiketi katika darasa letu, akikosea maneno yetu, tusimcheke. Yeye naye anaanza mwanzo.