Bibi Titi Mohamed na kura ya jembe na nyumba

Wasikilizaji wengi hutuuliza swali hili kila msimu wa uchaguzi unapokaribia: mtu aliyetufanyia makubwa zamani, je, tunalazimika kumpa kura tena? Watanzania walikutana na swali hilo mwaka 1965, na mmoja wa walioonja jibu lake ni Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka michache tu, kama wasichana wengi wa Kiislamu wa wakati ule walioachishwa wakivunja ungo. Kabla ya siasa watu wa mjini walimjua kwa sauti yake, kwani ndiye aliyeongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuwa na wanaume wengi na wanawake wa kuhesabu. Mwaka uliofuata Bibi Titi alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake, naye hakuanzia maofisini. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wauza vitumbua na wapika pombe, wanawake ambao tayari walikuwa wakikutana na kuaminiana. Kadi zikatoka kwa maelfu. Alizunguka nchi nzima pamoja na Mwalimu Nyerere, na wapo waliokwenda mkutanoni kumsikiliza yeye kwanza.

Uhuru ulipopatikana aliingia Bungeni, akawa waziri mdogo, na akaongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika.

Hapa tutulie kidogo, maana utaratibu wa uchaguzi wa 1965 vijana wengi hawaujui. Katika uchaguzi wa 1960, majimbo 58 kati ya 71 hayakupigiwa kura kabisa, kwa sababu mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani. Mwananchi aliletewa mbunge. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na wengi wangedhani kura ndiyo imezikwa. Badala yake, katika karibu kila jimbo walisimamishwa wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa chama wa wilaya ulipiga kura za maoni, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague bila kusaidiwa.

Wagombea wale walisafiri pamoja na kupanda jukwaa moja, mmoja baada ya mwenzake. Ilikatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kujinadi kuwa ndiye chaguo la Mwalimu. Kwa maoni yangu katazo hili la mwisho ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Lilimwondolea mtu mashuhuri kivuli alichozoea kukaa chini yake, akabaki na maswali ya wanakijiji: unatujua? Tangu tukutume umerudi mara ngapi? Barabara na kisima vimefikia wapi?

Kura zilipigwa Septemba 1965. Paul Bomani, waziri wa fedha na mtu mkubwa wa ushirika wa pamba kule Kanda ya Ziwa, alianguka. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Na Bibi Titi, aliyegombea Rufiji, alishindwa. Wapiga kura wale hawakumkana kama mpigania uhuru. Waliulizwa jambo jingine, nani akawasemee Bungeni miaka mitano, na wakalijibu hilo.

Naye alibaki kwenye chama na kwenye umoja wa wanawake. Kilichomwondoa kilikuja baadaye. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, naye alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na baadhi ya maofisa wa jeshi, wakashitakiwa kwa uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 Nyerere akamsamehe.

Miaka mingi baada ya hapo jina lake halikutajwa sana. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na anayeshuka kwenye daladala hapo humtaja kila siku, pengine bila kujua ni nani. Alifariki Johannesburg, alikokuwa akitibiwa, tarehe 5 Novemba 2000. Wiki moja kabla, Tanzania ilikuwa imepiga kura kuchagua rais na wabunge, safari hii kwa vyama vingi.