THURGOOD MARSHALL, WAKILI WA WANYONGE

Mwezi wa Januari 1960, wajumbe wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda London kushauriana na Serikali ya Uingereza juu ya Katiba ya nchi yao, walifuatana na mshauri mmoja wa sheria aliyekuwa Mmarekani mweusi, mrefu wa kimo, mtu wa mzaha mwingi na sauti nzito. Huyo alikuwa Thurgood Marshall, na aliyemwalika ni Tom Mboya. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya ile kesi kubwa ya shule ya mwaka 1954. Leo twapenda tueleze maisha yake kwa urefu kidogo, hasa habari za chuo kilichomlea, kwa maana mtu huyu hakuzuka ghafula kama uyoga baada ya mvua.

Alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland, tarehe 2 Julai 1908. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu wa shule. Baba yake, William, alikuwa mtumishi wa mezani katika mabehewa ya chakula ya garimoshi, na baadaye akawa msimamizi wa watumishi katika klabu ya Wazungu matajiri. Mzee huyu hakusomea sheria, lakini alipenda kwenda mahakamani siku zake za mapumziko kusikiliza kesi za watu, na aliporudi nyumbani alibishana na wanawe wakati wa chakula, akimtaka kila mmoja athibitishe neno alilolisema. Shuleni Thurgood alikuwa mtundu. Adhabu aliyopewa ilikuwa kukaa peke yake na kuisoma Katiba ya Marekani mpaka aishike moyoni. Alipenda kuhadithia jambo hilo katika uzee wake. Alipouliza nyumbani mbona maneno yale mazuri hayafanani na maisha ya watu weusi wa Baltimore, baba yake alimweleza kuwa Katiba yasema mambo yanavyopasa kuwa, wala si yalivyo.

Masomo ya juu aliyapata katika chuo cha Lincoln, Pennsylvania, akamaliza mwaka 1930. Chuo hicho Waafrika wanakifahamu: Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alisoma hapo miaka hiyo hiyo, na Kwame Nkrumah alifuata baada ya miaka michache. Kisha Marshall alitaka kusomea sheria. Chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa mjini kwao, na karo yake ilikuwa nafuu kwa kuwa ni chuo cha jimbo, kilichoendeshwa kwa kodi ya watu wote, weusi na weupe. Lakini kilikuwa hakipokei mtu mweusi. Basi akaenda Howard, mjini Washington, chuo cha watu weusi, umbali wa kilomita 60 na zaidi kutoka Baltimore. Hakuwa na fedha za kupanga chumba huko. Kila siku alipanda garimoshi alfajiri na kurudi usiku, na mama yake aliziweka rehani pete zake za ndoa na uchumba ili karo ipatikane.

Sasa tuseme habari za Howard. Chuo chake cha sheria kilifunguliwa mwaka 1869, miaka michache tu baada ya utumwa kupigwa marufuku. Kwa muda mrefu kilifundisha jioni, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa makarani na watumishi waliofanya kazi za mshahara mchana na kuja darasani wakiwa wamechoka. Mwaka 1929 uongozi wake ulishikwa na Charles Hamilton Houston, Mmarekani mweusi aliyesoma Harvard na aliyekuwa afisa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambako aliona kwa macho yake jinsi askari weusi walivyohukumiwa ovyo. Houston aliyafunga masomo ya jioni. Alitaka chuo cha kutwa, chenye maktaba kamili na walimu wa kudumu, kisichoweza kudharauliwa na chama cha mawakili cha Marekani. Kabla ya miaka mitatu kupita, chuo kilikuwa kimekwisha kutambuliwa rasmi.

Hatuwezi kuisimulia habari hii bila kusita. Mtu aliyefunga darasa la jioni alimfungia mlango mfanyakazi, na wakati ule wako waliomlaumu Houston vikali kwa sababu hiyo hiyo. Yeye aliamini kwamba wakili mweusi wa kiwango cha kati hana faida kwa watu wake, kwa kuwa atasimama mbele ya mahakimu wanaotafuta kila sababu ya kumshinda. Aliwafundisha wanafunzi wake kuwa wakili ama ni fundi wa kuijenga jamii, ama ni kupe anayeinyonya. Aliwapeleka kuona mahakama na magereza. Aliwafukuza wavivu bila huruma, na darasa lililoanza na vijana wengi lilimaliza na wachache. Je, alikuwa na haki? Twaweza kusema tu kwamba kazi iliyofanywa na wale wachache ilikuwa kubwa mno kwa idadi yao. Marshall alimaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa Oliver Hill, aliyeipigania haki ya watoto wa Virginia na kuishi miaka 100. Spottswood Robinson, aliyehitimu 1939, na Robert Carter, aliyehitimu 1940, wote wawili walisimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya shule, na wote wawili wakaishia kuwa majaji. Mwaka 1944 wa kwanza darasani alikuwa mwanamke, Pauli Murray, mwanamke pekee katika darasa lake, ambaye baadaye alikwenda Ghana kufundisha sheria.

Marshall alifungua ofisi Baltimore wakati dunia nzima imo katika dhiki ya uchumi. Wateja wake walikuwa maskini, naye aliwatetea hata wale wasio na cha kulipa, akaingia katika madeni. Lakini mwaka 1935 yeye na mwalimu wake Houston walimshtakia chuo cha sheria cha Maryland kijana mmoja mweusi, Donald Murray, aliyekataliwa kwa ajili ya rangi yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi: jimbo halina chuo kingine cha sheria kwa watu weusi, basi usawa unaodaiwa hapa uko wapi? Walishinda, na mwaka 1936 mahakama ya rufani ya jimbo iliithibitisha hukumu. Mlango uliofungwa kwa Marshall ulifunguliwa naye kwa mwingine, kabla hajatimiza miaka 3 katika uwakili.

Mwaka huo huo wa 1936 alihamia New York kufanya kazi katika chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, na mwaka 1940 akaunda mfuko wake wa kugharamia kesi. Moja ya kazi za mwanzo ni ile ya mishahara ya walimu, nayo yafaa ifahamiwe na kila mfanyakazi. Katika majimbo ya Kusini, na hata Maryland, mwalimu mweusi alilipwa pungufu sana ya mwalimu mweupe mwenye cheti kilekile na darasa lenye watoto wengi zaidi. Mama yake Marshall alikuwa mmoja wa walimu hao. Wilaya baada ya wilaya ilifikishwa mahakamani, na mwaka 1940 mahakama ya rufani, katika kesi iliyotoka Norfolk, Virginia, iliamua kwamba kutofautisha mishahara kwa rangi ni kuvunja Katiba.

Kisha ikaja habari ya kura. Huko Texas watu weusi hawakuruhusiwa kupiga kura za maoni ndani ya chama cha Democrat, na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichoshinda siku zote, mtu aliyepita katika kura za maoni alikuwa amekwisha kushinda. Wanachama wa chama chochote wataelewa mara moja nguvu ya hila hiyo. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja.

Tusidhani kwamba kazi hii ilifanywa katika viti vya starehe. Marshall alisafiri maelfu ya maili kwa mwaka katika miji ambamo hakupata hoteli wala mkahawa wa kumpokea, akilala nyumbani mwa watu. Mwezi wa Novemba 1946, baada ya kuwatetea watu weusi wa mji wa Columbia, Tennessee, alikamatwa njiani na polisi kwa kisingizio cha kuendesha gari akiwa amelewa. Wenzake waliamriwa waende zao. Waliona gari la polisi likikata kuelekea mto Duck, mahali ambapo kundi la watu lilikuwa likingoja, wakakataa kuondoka na kulifuata nyuma. Polisi hawakuwa na la kufanya ila kumrudisha mjini. Huko hakimu mzee alimnusa pumzi, akaona hana harufu ya pombe, akamwachilia.

Mwaka 1946 mgawa barua wa posta mjini Houston, Heman Sweatt, aliomba kuingia chuo cha sheria cha Texas. Jimbo, badala ya kumpokea, lilifungua haraka chuo kingine cha sheria kwa ajili ya watu weusi, katika vyumba vichache, chenye walimu na vitabu vya kuhesabika. Marshall aliiambia Mahakama Kuu kwamba chuo cha sheria si kuta na madawati, bali ni walimu, wenzako wa kubishana nao, na sifa inayokufuata maishani. Mwaka 1950 Mahakama ilikubali. Houston alikuwa amefariki majuma machache kabla. Sweatt aliingia, lakini ugonjwa na taabu alizozipata vilimshinda, hakumaliza. Nacho kile chuo kilichobuniwa ili kumzuia kiliendelea kukua mjini Houston, na leo kinaitwa Chuo cha Sheria cha Thurgood Marshall.

Kesi ya shule yenyewe ilikuwa kesi tano pamoja, kutoka Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na Washington. Kabla ya kwenda mbele ya majaji, Marshall na wenzake walifanya mazoezi katika chuo chao cha Howard, walimu wakijifanya majaji na kuwashambulia kwa maswali. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi ni kinyume cha Katiba, na hukumu ya mwaka 1896 iliyoruhusu utengano ikaangushwa. Hata hivyo mwaka uliofuata Mahakama haikuweka tarehe ya kutimiza amri yake, na majimbo ya Kusini yalitumia nafasi hiyo kuchelewesha. Wilaya moja ya Virginia, Prince Edward, ilizifunga shule zake zote za serikali tangu 1959 hadi 1964 kuliko kuwachanganya watoto.

Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na shujaa wetu. Marshall aliiamini mahakama kupita kiasi. Watu weusi wa Montgomery walipogoma kupanda mabasi kwa siku 381, naye wakili aliona kwamba kutembea kote kule kulikuwa bure, maana hukumu ya mahakama ndiyo iliyomaliza shauri mwaka 1956. Sisi twaona kwamba hukumu isiyo na watu nyuma yake hukaa kabatini, kama Prince Edward ilivyoonyesha. Pia faili za wapelelezi wa FBI zilizofunguliwa mwaka 1996 zilionyesha kwamba katika miaka ya 1950 aliwasiliana nao juu ya Wakomunisti waliotaka kuingia katika chama chake. Wako wasemao alifanya hivyo ili kukikinga chama kisivunjwe. Huenda ndivyo, lakini jambo lenyewe halipendezi.

Turudi Kenya. Mwezi huo wa Januari 1960, kabla ya kwenda London, alifika nchini, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba afisa wa kikoloni alimkataza kuingia katika mkutano wa wananchi. Aliomba awasalimu watu waliokuwa nje kwa neno moja tu, akakubaliwa. Akapanda juu ya gari na kutamka kwa sauti Uhuru, na umati ukalipuka kwa shangwe. Huko London aliandika rasimu ya haki za raia. Wajumbe walishangaa kumwona wakili wa watu weusi akisisitiza kwamba haki za Wazungu na Waasia, pamoja na mali yao, zilindwe kwa Katiba, na kwamba ardhi isitwaliwe bila fidia. Alisema aliyoyadai kwa walio wachache Marekani hawezi kuyakana kwa walio wachache Kenya. Hoja hiyo ni ya mtu mwaminifu. Lakini ardhi ile ilipochukuliwa hapo kwanza, nani alifidiwa? Mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962 uliinunua kwa mikopo ya Uingereza, na wakulima Waafrika waliokaa juu yake ndio waliolipa madeni.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alimteua kuwa jaji wa rufani, na maseneta wa Kusini wakamchelewesha karibu mwaka mzima. Mwaka 1965 akawa wakili wa Serikali mbele ya Mahakama Kuu, na mwaka 1967 Rais Johnson alimteua kuwa jaji wa Mahakama hiyo, mtu mweusi wa kwanza, akathibitishwa kwa kura 69 dhidi ya 11. Alikaa hapo miaka 24. Kadiri wenzake walivyobadilika ndivyo alivyozidi kuandika upande wa walioshindwa, akipinga hukumu ya kifo kila ilipokuja. Mwaka 1973 lilikuja shauri la mtu maskini wa New York aliyeshindwa kulipa dola 50 za kuandikisha kufilisika kwake. Majaji wengi waliona kwamba kwa malipo ya kila juma kiasi hicho si kitu, hakizidi bei ya sinema moja na pakiti ya sigara au mbili. Marshall, mwana wa mtumishi wa garimoshi, aliwajibu kwamba wako watu ambao hata pakiti hiyo kwao ni anasa, na kwamba haifai hukumu ijengwe juu ya dhana za walio na nafasi kuhusu jinsi maskini wanavyoishi.

Alistaafu mwaka 1991 kwa ugonjwa na uzee, akafariki tarehe 24 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 84. Chuo cha sheria cha Maryland kiliipa maktaba yake jina la Thurgood Marshall mwaka 1980, kikamwalika kwenye sherehe. Hakwenda.