William Cooke, mtu aliyezuia treni zisigongane

Kabla ya treni ya Kalundu–Kamanyola kupita kwenye bonde letu la Ruzizi, Mwingereza William Fothergill Cooke alishapata dawa ya treni kugongana. Alizaliwa 1806, akawa askari kule India. Mwaka wa 1836, Heidelberg, aliona telegrafu, akaacha masomo yake palepale.

Zamani walihesabu dakika tu. Treni ya mbele ikikwama, ya nyuma haina habari! Ndipo 1842 Cooke akaandika kwamba reli igawanywe vipande, kila kipande treni moja. Ingine ingoje mpaka telegrafu ilete habari kama njia iko wazi.

Aligombana sana na mwenzake Wheatstone: nani mvumbuzi? Mali ikapotelea kwenye machimbo ya mawe. Akafa 1879, akiishi kwa pensheni ya serikali.