Marcel Proust: Mfungaji na Mfungwa

Marcel Proust alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1871. Pumu ilimwandama tangu utotoni, hata akawa akiandika usiku, kitandani, katika chumba alimojifungia. Alifariki mwaka 1922, riwaya yake ya juzuu saba ikiwa haijachapishwa yote. Juzuu ya tano, La Prisonnière, yaani Mfungwa wa Kike, ilitoka mwaka 1923. Humo mwanamume mwenye wivu anamweka mpenziwe, Albertine, nyumbani na kuzichunguza nyendo zake; lakini anayekosa raha ni yeye, na mwishowe Albertine anaondoka. Mwalimu mtarajiwa, ufundishapo uundaji wa nomino huko Arua au Koboko, onyesha kwamba kitenzi funga huzaa mfungaji na mfungwa. Kisha waulize wanafunzi: katika nyumba ile, nani alikuwa nani?